Picha Haijakaa Sawa

…feni inazunguka, basi si feni, na taa ni mpya, nimeitoa kwenye boksi leo leo tena kwa kitambaa nisije nikaigusa, maana mafuta ya kidole hupasua taa za aina hii zikishika moto, kwa hiyo si taa, na kile kioo cha nyuma kinachorudisha mwanga nimekifuta mpaka nikaiona pua yangu, na vile vioo viwili vinene vinavyokusanya mwanga kabla haujaifikia slaidi, ile picha ndogo ya filamu, nimevitoa, nimeviosha kwa maji ya sabuni, nimevirudisha tumbo kwa tumbo kama vinavyotakiwa, basi si hivyo, na grisi ya zamani iliyoganda kama gundi kwenye hesi za lenzi nimeikwangua kwa kijiti na spiriti, nikapaka mpya, sasa lenzi inazunguka laini kama ulimi wa mbea, basi si lenzi… si lenzi, si taa, si feni, "Bado, mama," anasema Baba kutoka kwenye kiti chake, "bado haijakaa," na mimi nimepiga magoti nyuma ya projekta, nimeishika lenzi kwa vidole viwili, naizungusha kushoto unywele mmoja, narudi kulia unywele mmoja, na pale kwenye shuka jeupe tulilolitundika ukutani marehemu mama yetu amesimama juu ya daraja ambalo halijaisha, mkono wa kushoto wa picha, kavaa helmeti ya Baba na gauni la bluu, anacheka, na mkono wa kulia kuna toroli limejaa zege, na naona kila kitu, naona vifungo vya gauni, naona uzi umeachia kwenye pindo, naona hata tone la zege lililokauka kwenye gurudumu la toroli, sasa ni nini ambacho hakijakaa, "Hivi je, Baba?" "Mm-mm. Ukungu mtupu." Ukungu, labda lenzi ina kuvu ndani, lenzi zikikaa kabatini muda mrefu huota kuvu, vinyuzi vyeupe kama utando wa buibui, lakini niliimulika kwa tochi kule karakana na ilikuwa safi kama maji ya chupa, basi si kuvu, basi labda joto, hiyo ndiyo sababu ninayoipenda, joto, slaidi ikikaa mbele ya taa hupata joto na ule utepe wa filamu unatuna katikati kama mtu aliyeshiba, na picha iliyokuwa sawa inaharibika yenyewe bila mtu kuigusa, ndivyo nilivyomwambia Baba kwenye simu mara ya kwanza, "Ni joto hilo, Baba, slaidi inavimba, ngoja ipoe," na akasema ahaa, akashukuru, Baba ni mtu wa kushukuru, amejenga madaraja maisha yake yote, msimamizi wa mafundi, anajua kwamba chuma hutanuka kwa joto, kwa hiyo alinielewa haraka mno, na mimi nikafurahi kwamba kanielewa, nikakata simu, nilikuwa na mashine ya watu mbele yangu imefunguliwa tumbo.

Maana kazi yangu ni hiyo, natengeneza mashine za fotokopi, nazunguka maofisini na begi la bisibisi, na katika kazi hii kuna kanuni moja nimeifundisha hata wenzangu, usimsikilize mteja, isikilize mashine, mteja atakwambia imekufa kumbe hajachomeka waya, atakwambia inafifisha herufi kumbe kaweka karatasi aliyofungia maandazi… usimsikilize mteja… na Baba akapiga tena, "Mama, ile mashine yangu bado inasumbua, kingo zote ni kiza, katikati ndiyo kidogo," nikamwambia nitapita Jumapili, Jumapili ikaja na mambo yake, nikamwambia nitapita ijayo, hatimaye nikapita, nikaichukua, nikaifungua karakana, nikaitupia mwanga ukutani kwa slaidi yake moja ya nguzo za daraja, picha ikatoka kali kama wembe, nikairudisha, nikamwambia imepona, na wala sikukaa, niliiweka juu ya meza nikasema nawahi, akasema, "Hata hukuketi?" nikasema siku nyingine, Baba, na wiki haikuisha simu ikalia, "Mama, imerudia," nikaichukua tena, nikaipima tena, nzima, na hapo ndipo nilipompigia mdogo wangu, mziwanda wetu, huyu huyu aliyesimama pale dirishani sasa hivi anabana pazia lisipitishe mwanga, nikamwambia, mzee wako mjanja, mashine haina hata homa, anatafuta kisingizio cha kuniita tu, na mziwanda akacheka, nikacheka na mimi, tukamcheka baba yetu kwa simu, na nakumbuka nilisema neno jingine, nilisema akizidi nitamletea mashine mbovu kweli ashike adabu, Mungu wangu, ni utani, lakini ulitoka kinywani mwangu, "Jaribu upande wa kwako kidogo," anasema Baba, "taratibu, usiivunje," "Naijaribu, Baba," na mkewe mziwanda, wifi yangu mpya kabisa, hata viatu vyake bado vinalia vikitembea, amekaa kwenye kigoda karibu na magoti ya Baba kwa sababu sherehe yote hii ni yake, Baba alisema haiwezekani binti aolewe kwenye nyumba hii bila kumwona mama mkwe wake, na mama mkwe hayupo, yupo humu tu, kwenye kijiplastiki kinachoingia kwenye kiganja, kwa hiyo mashine lazima iwake, na mimi nimetumwa kuiwasha, na wifi sasa anainamisha kichwa, anatazama shuka, anamtazama Baba, ananitazama mimi, na anasema kwa sauti ya mgeni anayeogopa kukosea, "Mbona mimi naona vizuri tu, wifi?"

Mziwanda kakohoa pale dirishani, feni ya mashine inapuliza, Baba hajageuka, kasema tu, "Wewe macho yako ni ya ujana, mwanangu, huoni kasoro," na akacheka kidogo, na kicheko kile… nilikijua kicheko kile, ni cha mtu anayeshika ukuta gizani akijifanya anaegemea, na vidole vyangu vimesimama juu ya lenzi, havizungushi tena, kwa sababu kanuni yangu inanirudia kichwani imegeuka kichwa chini, si taa, si feni, si kioo, si lenzi, ukishaondoa kila kilichomo ndani ya mashine kinachobaki kiko nje ya mashine, na nje ya mashine kuna mtu mmoja tu asiyeona, na nilimwacha wa mwisho, nilipima chuma chote kwanza… na sasa yanakuja yenyewe, hata sikuyaita, lile jeraha la ugoko alilosema kajigonga kwenye meza, meza ambayo imekaa pale tangu nikiwa natambaa, na gazeti, Baba wa kusoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, akaacha, akasema siku hizi wanaandika uongo mtupu, nikamsifu, nikasema umefanya la maana, na chai, alipomimina chai nje ya kikombe, na mimi nikapangusa meza huku nikiongea na simu begani, na ile jioni alinisindikiza mpaka getini akatazama juu akasema, "Taa hizi za barabarani siku hizi zina pete, umeziona? Pete kama upinde wa mvua," nikamwambia ndiyo za kisasa hizo, Baba, taa za kisasa, nikaondoka… ndiyo za kisasa hizo… na walahi kama kuna siku ya hukumu hilo neno peke yake litanitosha, kwa sababu nilijua, au nilikuwa na haki ya kujua, niliwahi kutengeneza mashine ya kliniki moja ya macho, ilikuwa inachafua karatasi, na nilipomaliza nikachukua kipeperushi kilichokuwa juu ya kaunta nikakitumia kujaribia, nikakitoa nakala baada ya nakala nikitafuta doa, nikakisoma mstari kwa mstari kwa jicho la doa, kingo za macho kuwa na kiza, pete za rangi kuzunguka taa, kujigonga, usingoje, kilichopotea hakirudi, na nilikuwa natazama kama herufi zimekolea, zilikuwa zimekolea, nikaridhika, nikazikunja nakala zote nikazitia kwenye pipa, mganga hajigangi, wanasema, lakini huyo angalau ni yeye mwenyewe anayeumwa, mimi aliyeumwa ni baba yangu, naye alikuwa ananieleza dalili moja baada ya nyingine kwa adabu kabisa, na mimi nasema ni grisi.

"Umenyamaza," anasema Baba, "imekushinda?" na sauti ina mzaha lakini chini ya mzaha kuna kitu kinaning'inia, na wifi bado ananitazama, aibu imempanda shingoni, anadhani kaharibu, na mziwanda kageuka kutoka dirishani, macho yetu yamekutana, na nimeona kwamba na yeye ameanza kukumbuka kile kicheko chetu cha kwenye simu, na hapo mkono wangu ukafanya jambo ambalo sikuutuma, ukaizungusha lenzi, si unywele, robo nzima, na mama akayeyuka, vifungo vikaenda, kicheko kikaenda, likabaki pazia la bluu upande mmoja na donge la kijivu upande wa pili, na nikasikia sauti yangu inasema, "Kweli, Baba, haijakaa, naiona sasa, ni mashine," wifi akafungua mdomo akaufumba, "Si nilisema!" anasema Baba, na mabega yake yameshuka kwa raha, nimeyaona yakishuka, raha ya mtu aliyeambiwa mgonjwa siye yeye, na mimi nikaendelea kuizungusha lenzi huku na huku ndani ya ukungu, hapa je, hapa je, nikimtafutia mahali pa kuupumzisha uongo, mpaka akasema, "Ehee! Hapo. Hapo umeipata, usiguse tena," na pale aliposema hapo palikuwa ukungu kuliko pote, hata mziwanda kaziba uso kwa pazia, na Baba akajivuta mbele kwenye kiti, akainua kidole, sasa ni zamu yake, alikuwa anaisubiri zamu hii tangu siku ya posa, "Haya mkwe wangu, umemwona? Huyo hapo mama mkwe wako. Hiyo kofia ni yangu. Nilimwambia hapandi mtu daraja langu bila kofia, hata kama ni mke wa msimamizi. Na mumeo naye yumo, umemwona mumeo?" "Yuko wapi, baba?" "Tumboni! Kavalishwa kofia ya kazini hata hajazaliwa, ndiyo maana kichwa kigumu," na akacheka, na mziwanda akacheka kwa pua tu, na wifi akacheka, na mimi nilikuwa nakitazama kidole cha Baba, kwa sababu kidole kilikuwa kinaonyesha mkono wa kulia, donge la kijivu, toroli, anamwonyesha mkwe wake toroli la zege akisema huyo ndiye mama… kwa nini kulia… na ndipo nilipoona nilichofanya, kwa haraka zangu nimeiingiza slaidi kinyumenyume, mgongo mbele, kwenye picha hii mama husimama kulia, amesimama kulia miaka yote, na leo nimemhamishia kushoto, na huyu ni Baba, Baba ambaye tukiwa wadogo tukikosea kuweka slaidi alikuwa anapiga kelele hata akiwa mlangoni, hata akiwa na taulo begani, "Mmeigeuza! Daraja langu mmelipeleka ng'ambo!" hajasema kitu, mama amehama upande wa mto mzima na yeye hajasema kitu, haonyeshi ukuta, anaonyesha kilichomo kichwani mwake, na wifi, mtoto wa watu, amefuata kidole mpaka kwenye toroli, akasema, "Mzuri sana, baba," na mimi nikaona aibu kuliko zote za leo, hajamaliza hata mwezi kwetu tayari tumemfundisha kudanganya, na amejifunza kwangu, sasa hivi, kwa macho yake.

Na ukungu ule, kwa kuwa sote tulikuwa ndani yake, nikaanza kuutazama, kumbe ndipo anapokaa Baba, ndipo alipokuwa akinipigia simu kutoka humo, mtu mmoja katika chumba kama hiki akiwasha mashine peke yake mchana, akimtafuta mkewe kwenye shuka na mkewe kila siku anasogea mbali kidogo, na badala ya kusema ninapofuka, neno ambalo hata mimi siwezi kulitamka, anasema mashine yangu inasumbua, mama, njoo uitazame, na mimi kuja nilikuja, nikaitazama, ndiyo hasa, nikaitazama mashine… na sasa nikinyamaza nitakuwa nimemhurumia, wanasema huruma, lakini nilikuwa nahurumia nini nilipoizungusha ile lenzi, nilihurumia uso wangu, kwa sababu siku atakayojua kwamba mashine ilikuwa nzima siku zote atahesabu pia kwamba nilikuwa naipima na kuondoka, basi vidole vinarudi, polepole, robo ile ile kinyume, na mama anarudi kutoka kwenye maji, kwanza helmeti, halafu meno, halafu vifungo, uzi wa pindo, kali, kali kama wembe, na mimi siutazami ukuta, namtazama Baba usoni kwenye mwanga unaorudi kutoka shukani, namwomba Mungu macho yale yashtuke, yafinye, yatabasamu, yafanye chochote, na uso wake umebaki vile vile, umetulia, umeelekea kulia, kwenye toroli, "Baba," nasema. "Naam, mama." "Mashine ni nzima." Feni inapuliza. "Imepona sasa hivi?" "Haikuwa inaumwa, Baba." Mikono imeshika magoti. "Taa umebadilisha?" "Nimebadilisha." "Hizi mpya nyingi ni feki, zinawaka kama mshumaa." "Hii si feki, Baba." "Na vile vioo vinene?" "Nimeviosha." "Ukavirudisha tumbo kwa tumbo?" "Tumbo kwa tumbo." "Lenzi?" "Safi, nimeimulika," na kila jibu ni mlango namfungia kwa mkono wangu mwenyewe, namsikia anatembea kutoka mlango hadi mlango, fundi wa kweli, hakurupuki, anakagua daraja lake nguzo kwa nguzo, na nguzo zote ni imara, "Na slaidi yenyewe?" anasema, sasa taratibu, karibu kwa kunong'ona, "slaidi nazo huzeeka, mama, hupauka," na hapo nilitaka kuudaka, ulikuwa umebaki mlango huo mmoja wazi, ndiyo Baba, imepauka, nani angenilaumu, hata mziwanda alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu, sema imepauka, sema, na nikasema, "Ina rangi zake zote, Baba. Gauni ni bluu kama siku ile. Ila nimeiweka kinyume, mama yuko kushoto," na kidole chake, ambacho kilikuwa bado kimelala juu ya goti kikielekea kulia, kikajikunja ndani ya kiganja. "Yuko kushoto," akasema. "Ndiyo." "Basi," akasema. Halafu tena, "Basi."

Hakuna aliyelia, nilidhani kuna mtu atalia, mziwanda ameliachia pazia kidogo na utepe wa jua umemkata mama kiunoni, akalibana tena haraka kama aliyevunja kitu, na Baba kasema, si kwangu, si kwa mtu yeyote, "Nilidhani ni mashine," na ulimi wangu ulikuwa tayari na jibu jepesi, na mimi pia, Baba, na mimi pia nilidhani ni mashine, lakini hiyo si kweli, mimi niliipima na nilijua si mashine, "Mimi nilidhani unaniita tu," nikasema, "nilidhani hakuna kibovu, unataka tu nije," na nilingoja anipige kwa neno, nilikuwa nalihitaji, na Baba akageuza uso upande wangu, si sawasawa kwangu, kidogo pembeni, kwenye joto la taa, na akafikiri, namjua akifikiri, hutafuna shavu la ndani, "Na hilo nalo lilikuwepo," akasema, "sikatai," na akacheka kile kicheko, lakini safari hii hakushika ukuta, na mimi sikucheka, sikuweza, kwa sababu angenipa adhabu gani kubwa kuliko hiyo, kwamba yote mawili yalikuwa kweli na hakuna hata moja nililolifanyia kazi, na mziwanda anasema kwa sauti iliyopasuka kwamba kesho asubuhi tutampeleka, kuna daktari, na Baba anasema kesho ni kesho, na mimi nimenyoosha mkono kwenye swichi kwa sababu taa inachoma, picha ikikaa muda mrefu inaungua, nitaitoa niigeuze niiweke vizuri, angalau hilo moja, angalau upande wake nimrudishie, "Usizime," anasema Baba, "mwache hapo hapo alipo," nasema slaidi itapata joto, nasema nataka kuigeuza tu, "Mwache kwanza. Mkwe wangu, sogea. Sema unaona nini, anza na kofia," na wifi anasogeza kigoda, kinakwaruza sakafu, anasema, "Kofia imemkalia upande, baba, imeziba jicho moja," na Baba anafumba macho ili amsikie vizuri, na mimi nipo pale pale kwenye magoti yangu, feni inazunguka, mkono nimeutoa kwenye lenzi na sijui niuweke wapi, na wifi anasema ana mwanya, baba, sikujua kwamba mama alikuwa na mwanya, na mimi natazama, na kweli, alikuwa na mwanya…